Fundi Simeon Ameondoa Zuio

S.L.P. 41,
Kiganjo, Nyeri.
Jumapili, 17 Septemba 1972

Mpendwa kaka Mutahi,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu na watoto, na kwamba joto la Tabora halijawamaliza. Sisi huku hatujambo. Mama anakohoa kidogo asubuhi kwa sababu ya ukungu, lakini sauti ya kunigombeza bado anayo, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Mbeti wangu ameng'oka meno mawili ya mbele na siku hizi anacheka huku amefunika mdomo. Je, kifua cha Gatimu mdogo kimepona? Na Wakonyo ameanza kutembea?

Wifi, najua ni wewe unayemsomea akirudi kutoka reli. Nimeandika Kiswahili kwa ajili yako, maana ile niliyoandika kwa lugha yetu kaka alikutafsiria, akaruka sehemu zote nilipomsema yeye.

Sasa kaka, kaa chini. Zuio limeondolewa. Hati ya shamba imetoka Alhamisi iliyopita na ninayo hapa mezani, chini ya Biblia ya Mama. Kila nikimaliza mistari miwili naivuta kidogo niitazame tena. Kwa hiyo usiombe likizo, usikope mtu yeyote nauli, na hiyo baiskeli uliyosema utaiuza, iache.

Najua barua yangu ya Juni ilikutisha. Niliiandika siku ile ile nilipotoka ofisi ya ardhi Nyeri, na niliandika mambo mengi kuhusu Fundi Simeon ambayo leo naona haya kuyakumbuka. Ukiwa bado unayo, ichome. Mwezi wa Juni nilijua tu kwamba nimezuiwa. Leo najua kwa nini, na sehemu ya kosa ilikuwa yetu wenyewe.

Wewe uliondoka Aprili ukidhani kila kitu kimekwisha. Ulikuwa umetia sahihi mbele ya hakimu kwamba unanipa ekari mbili, pale penye nyumba ya mawe. Bodi ya Mashamba ilikubali, ingawa baba mdogo Gicheru alisimama akasema kwamba binti aliyeolewa Embu akarudi hapewi shamba, anapewa chai na mahali pa kulala. Nakumbuka ulivyomjibu kwa upole mpaka wazee wakacheka. Ukapanda gari la moshi ukaniachia karatasi, na kazi yangu ikabaki moja tu, kuzipeleka Nyeri zikaandikwe katika daftari.

Nilichelewa kwa sababu ya nguo za shule. Mwezi wa Mei cherehani yangu haikupumzika. Nilipofika ofisini mwezi wa Juni, yule karani mwenye miwani akafungua daftari, akapitisha kidole, akasimama. Akasema shamba hilo lina zuio, wao huliita kosheni, na likiwapo hapaandikwi chochote. Nikauliza nani ameliweka. Akasema, "Simeon Wamae, fundi, wa Kagio. Anasema amejenga na hajalipwa." Notisi walikuwa wametuma kwa jina lako kwenye sanduku la posta la kanisa, na huko ilikaa ikingoja mtu anayeishi Tabora.

Kaka, niliketi kwenye ngazi za ofisi ile. Karani alikuwa ameniambia pia kwamba kibali cha Bodi kina muda wake, na kikiisha tutarudi mbele ya Bodi upya. Unajua maana yake. Baba mdogo alikuwa ameanza kuwazungukia wale wazee mmoja mmoja, na safari hii hungekuwepo kumjibu. Niliona kabisa jinsi ningebaki mgeni nyumbani kwetu, nikiomba mahali pa kuweka cherehani, na baada yangu Mbeti naye aombe.

Sasa nikueleze habari ya mbuzi, kwa sababu hukuwepo na Mama hakukuambia.

Mwezi wa Februari, mabati yalipopigwa msumari wa mwisho, Simeon na wenzake wawili walishuka, wakanawa, wakakaa kwenye mbao. Walikuwa wanangoja mbuzi. Wewe mwenyewe unajua hakuna fundi wa milima hii anayefunika nyumba bila kuchinjiwa mbuzi ya mabati. Haikuwa kwenye mapatano, haiandikwi popote, lakini kila mtu anaijua. Mama akaleta chai na mkate, akasimama katikati yao, akawahubiria. Akasema yeye ameokoka, ameoshwa kwa damu moja tu, ya Yesu, na nyumba yake haitajengwa juu ya kafara.

Simeon hakubishana. Alikunywa chai, akasema asante, akakusanya mwiko na pima maji yake. Kesho yake hakuja. Wiki hiyo yote hakuja. Nyumba ikabaki bila milango, bila plasta upande wa ndani, na Mama akasema kwa kuwa kazi haijaisha, salio lake halitoki. Nami nilinyamaza. Nilikuwa namjua yule mzee, nilimchotea maji ya saruji miezi minne, na sikwenda hata kumuuliza ana nini. Nilidhani ni kiburi. Hata wewe ulipokuja Aprili tulikuambia fundi amesafiri kwao Kagio, basi.

Niliporudi na habari ya zuio, Mama alisema ni vita vya shetani na tufunge siku tatu. Mimi nilisema ni wizi na niende polisi. Aliyetusaidia ni Wacera, yule mpiga chapa wa kwa wakili, ninayemshonea sketi. Aliniambia niache polisi, na kwamba mwenye shamba anaweza kumwandikia Msajili wa Ardhi aombe zuio liondolewe, na Msajili atamwita aliyeliweka aeleze haki yake. Ndiyo ile karatasi niliyokutumia Julai utie sahihi, ambayo uliirudisha na doa la mafuta ya injini. Msajili aliliona doa hilo, akaniuliza kama ni dole gumba.

Tuliitwa Alhamisi tarehe saba. Mama alikataa kubaki. Alivaa kitambaa chake cheupe cha kanisani akaketi kwenye benchi ameshika Biblia kwa mikono miwili. Upande wa pili alikuwa Simeon, koti lile lile la rangi ya majani, kofia mapajani. Hatukusalimiana. Mtu aliyekula ugali kwetu miezi minne, na tukakaa tukitazama ukuta.

Msajili ni Bwana Mbaabu, Mmeru, mtu mfupi, anasema polepole. Kwa kuwa yeye hajui lugha yetu vizuri, tulisema Kiswahili, na hapo ndipo Mama alipata shida, maana Kiswahili chake ni cha nyimbo tu.

Msajili alimwambia Simeon aseme.

"Mimi nimejenga hiyo nyumba kutoka msingi mpaka mabati," Simeon akasema. "Kuna pesa yangu imebaki. Halafu naona karatasi kwa chifu, ati hii shamba inaendea watu wa Embu. Sasa ikishaenda, mimi nitauliza nani? Mawe yangu iko ndani. Niende niing'oe?"

Bwana Mbaabu hakucheka. Alimweleza kama mwalimu, na mimi nilisikiliza kila neno kwa sababu maisha yangu yalikuwa ndani yake. Alisema jiwe likishajengwa si la fundi tena wala la duka, ni la shamba. Alisema zuio ni la mtu mwenye haki katika shamba lenyewe: aliyenunua anangoja kuandikiwa, au aliyekopesha kwa kuandikiana na mwenye hati, au aliyekodi kwa maandishi. Fundi aliyejenga hadai udongo, anamdai mtu. Akitaka, aende kwa hakimu amshtaki huyo mtu, na mtu huyo atalipa, lakini hawezi kulishika shamba kwa ajili ya mshahara wake.

"Kuna nchi nyingine," akasema, "fundi ana haki ya kuandikwa juu ya nyumba mpaka alipwe. Hapa kwetu sheria haiko hivyo."

Kaka, moyo wangu uliruka. Na papo hapo, nisikufiche, nilimwonea Simeon huruma. Alikuwa anageuza kofia yake kama mtu anayetafuta mahali ilipochanika. Nyumba ambayo tunaisifia yeye ameibeba jiwe kwa jiwe, na kumbe sheria inamwambia hana hata kokoto moja. Kama ningekuwa fundi ningelia.

Msajili akaendelea. Akasema anayeweka zuio bila sababu ya haki anaweza kudaiwa hasara aliyomsababishia mwenziwe. Akanigeukia akauliza kama tuna hasara. Kabla sijajibu, Simeon akasimama.

"Mzee, mimi sikutaka kuharibia mtu," akasema. "Hii jina ndiyo ilinitisha. Monicah Nyaga. Nyaga ni watu wa Embu, hata Kagio tunawajua. Nikasema kijana wa reli ameuza shamba chini ya miguu ya huyu mama, na yeye mwenyewe hajui. Ndiyo nikakimbia hapa."

Nilisimama bila kuambiwa. "Monicah Nyaga ni mimi," nikasema.

Alinitazama. "Wewe ni Wachuka," akasema. "Mama Mbeti."

"Ni jina la cheti cha harusi," nikasema. "Sina karatasi nyingine."

Miezi minne mtu huyo aliniita Wachuka nikimletea maji, na kila mtu nyumbani aliniita hivyo, na siku moja tangazo la Bodi likabandikwa kwa chifu na jina langu la cheti, ambalo hata mimi mwenyewe lilinishangaza nilipoliona. Nililiacha tu. Nilidhani karatasi ni mambo ya karatasi. Wewe nawe ulitia sahihi ukiwa unawahi gari la moshi, kwa hiyo usijifanye hukuhusika.

Simeon alikaa chini. Akasema, kwa sauti ya chini sana, "Kama ningejua ni huyu, singekuja. Huyu nitamnyima aje?" Halafu akamwambia Msajili kitu kimoja zaidi, na hicho Mama alikielewa bila Kiswahili. Alisema si pesa iliyomtoa kazini. Alisema amefunika nyumba thelathini na moja, na hii ndiyo ya kwanza aliyoambiwa chakula chake ni cha shetani.

Mama alianza kufungua na kufunga Biblia. Akaniuliza kwa lugha yetu, je, yule mzee anamaanisha kwamba alikuwa na njaa tu? Nikamjibu, Mama, alitaka kushukuriwa. Akaifunga Biblia akaiweka benchini. Wewe unamjua Mama, Biblia haiweki chini hivi hivi.

Bwana Mbaabu alisema kwa kawaida angempa Simeon notisi ya siku nyingi, na zikiisha aliondoe zuio mwenyewe, au Simeon akitaka aliondoe leo kwa hiari yake. Simeon akaomba kalamu. Sahihi yake ni ndefu, ameipinda mwisho, na aliichora taratibu huku mimi nikihesabu pumzi zangu. Karani akapiga mhuri. Msajili akauliza mara ya pili kuhusu hasara. Nikasema hatuna.

Nilidhani tumemaliza. Lakini Bwana Mbaabu alikuwa ameshika karatasi zangu akikunja uso. Akasema, huyu Monicah Nyaga ndiye Wachuka binti Gatimu, nani anathibitisha? Bodi iliambiwa ni dada wa mwenye shamba, na jina hili halionyeshi. Akataka hati ya kiapo, na shahidi ambaye si mtu wa jamaa. Hasa kwa kuwa kulikuwa na barua mezani kwake, kutoka kwa mtu ambaye hakumtaja, ikisema kwamba shamba linapewa mgeni wa Embu. Hakumtaja, lakini mimi na wewe tunamjua anayependa kuandika kwa wino wa kijani.

Nilitazama huku na huku. Wacera alikuwa kazini, mchungaji yuko Murang'a kwenye mkutano, na majirani wote ni jamaa kwa upande huu au ule. Nikaona siku nyingine ikipotea, halafu wiki, halafu kibali.

"Mimi si jamaa yake," Simeon akasema. Alikuwa bado hajavaa kofia. "Mimi nitaapa. Huyu najua ni nani. Baba yake kaburi yake iko nyuma ya hiyo nyumba, mimi ndiye nilisogeza msingi futi nne isiikanyage, na huyu ndiye alinionyesha mahali baba yake amelala."

Kaka, hapo ndipo nililia. Nililia katika ofisi ya serikali mbele ya watu, na sijali. Tulitoka sote watatu, tukapita kwa Wacera akaipiga chapa hati ya kiapo, tukaenda kwa hakimu, Mama mbele, na Simeon akaapa. Mtu aliyenizuia ndiye aliyeiambia serikali mimi ni mtoto wa nani.

Msajili aliniuliza jina liandikwe vipi. Nikasema Monicah Wachuka Gatimu. Nyaga hakunifukuza kwa fimbo, na simtakii mabaya, lakini ekari hizi hakuzitoa yeye.

Kuhusu salio la fundi, limelipwa lote Jumatatu, na Mama alilipeleka mwenyewe kwa mkono wake mpaka chumba alichopanga pale Kiganjo. Hilo si jambo la kuzungumza zaidi. Milango imetiwa tayari, ya mvule, na plasta ya ndani imeisha jana asubuhi.

Na jana hiyo hiyo, Jumamosi, tulichinja. Mama alitangaza kwa kila aliyepita njiani kwamba si kafara, ni chakula cha mchana. Alitaka Simeon aliseme hilo pia, na yule mzee akasema, "Ni chakula, Mama, na ni kizuri," huku anatafuna. Kisha Mama akaomba juu ya nyama muda mrefu hivi kwamba mafuta yakaanza kuganda, akamwombea Simeon, akakuombea wewe, akaombea reli yote ya Afrika Mashariki, na mwishoni akaomba msamaha kwa sauti, mbele ya watu wote, kwa mambo ya Februari. Simeon alifuta macho akisema ni moshi. Baba mdogo Gicheru alikuja pia. Alikula mguu mzima na hakusema neno. Nilimwongezea mchuzi.

Nguo za Krismasi zimeanza kuagizwa. Nimeweka cherehani karibu na dirisha la mbele, na mwanga wake ni mzuri ajabu. Nimekushonea shati, wifi nimemkatia gauni kwa kukisia, kwa hiyo unitumie vipimo vyake vya kiuno bila kumpunguza kwa kumsifu. Kahawa ya mwaka huu ni nzito. Mvua za vuli bado, lakini mlima umefunikwa siku tatu mfululizo.

Nisalimie wifi kwa upendo, na Gatimu mdogo, na Wakonyo, na yule rafiki yako Ngendo wa karakana aliyeniandikia salamu pembeni mwa barua yako. Mama anakusalimu na anasema usome Zaburi kabla ya zamu. Mbeti anasema akija mjomba amletee embe za Tabora. Wacera anakusalimu pia, na alipoandika jina langu jipya kwenye ile hati ya kiapo alilipiga chapa mara mbili ili anipe nakala ya kuweka ukutani. Mungu awalinde njiani na kazini, awape afya, na asiache jua hilo liwakaushe kabisa.

Niliogopa sana, kaka, zaidi ya nilivyokuandikia. Miezi mitatu niliamka kila siku nikijiona niko kwa watu. Leo asubuhi niliamka nikasikia mtu anabisha mlangoni, ni jirani anataka moto tu, na kabla ya kufungua nikauliza ni nani, polepole, kwa raha, kwa sababu mlango ni wangu. Ukija Desemba bisha hodi. Nitakuuliza wewe ni nani, na uwe tayari na shahidi ambaye si jamaa.

Ni mimi, dada yako nikupendaye na kukushukuru,

Monicah Wachuka Gatimu